Aliyesema Kuku Hana Akili Hajakaa Naye

Anayeishi Zuzu anajua uzito wa neno. Kata yetu iko magharibi ya mji wa Dodoma, kwenye njia ya reli ya kati, na jina lake tumelikuta. Lakini ukilitaja mbele ya mtu wa pwani, hutabasamu kwanza, maana kwake zuzu ni mtu asiyejua lolote. Nimefundisha watoto wa hapa kwa miaka mingi, na nimewaona wakirudi kutoka mashindano ya mjini wameinamisha vichwa kwa sababu ya neno hilo moja. Ndiyo maana roho huniuma nikisikia mtu anamwambia mwenzake, "Una akili za kuku." Hapo wanatukanwa wawili, na mmoja wao hana wa kumjibia. Leo namjibia mimi.

Tusi hilo haliko midomoni mwa watoto peke yao. Limekuwa imani. Fundi anayejenga banda analo, mchuuzi anayepita na tenga la kuku kwenye baiskeli analo, na wasomi wetu wanalo vilevile: kuku hana akili, hana kumbukumbu, ni tumbo na mabawa. Ndege wa uani nao wamepewa la kwao, kwamba ni wezi. Na tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa jiji mwaka 2018, mashamba yetu yanapimwa viwanja, kuta zinapanda, na limeongezeka la tatu: kufuga kuku wanaojitembelea uani ni ushamba, na kukaa kwenye kigoda ukiwatazama ni kazi ya mtu asiye na kazi.

Nayapinga yote matatu. Kuku ana akili, tena nyingi kuliko tunavyompa. Ndege wa uani wanatufaa kuliko wanavyotula. Na hasara kubwa tunayoipata kwa viumbe hawa inatokana na dharau yetu wenyewe.

Nianze na lugha, maana humo ndimo tusi lilimozaliwa. Waliotuachia Kiswahili hawakumdharau kuku, walimtazama. Kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Teke la kuku halimuumizi mwanawe. Mtu aliyemwona kuku kwenye sahani tu hawezi kusema maneno hayo. Aliyeyasema alikaa chini akaona koo anavyopekua kwa nguvu, takataka zikiruka nyuma, vifaranga kumi wakimzunguka miguuni, na asimjeruhi hata mmoja.

Jogoo la shamba haliwiki mjini. Methali hii tunaitumia kumkejeli mtu aliyetoka kijijini, tumesahau kwamba kabla ya kuwa habari ya mtu ilikuwa habari ya jogoo. Mlete jogoo mgeni penye jogoo mwenyeji uone. Atanyamaza. Atakaa pembeni, ataangalia nani anampisha nani, nani anakula kwanza, na hatawika mpaka ajue amesimama wapi. Mwaka 2015 watafiti wa Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura pamoja na wenzao, walionyesha kwa vipimo kwamba jogoo wa cheo cha juu ndiye anayeanza kuwika alfajiri, na walio chini yake hufuata mmoja mmoja kwa ngazi zao. Akiondolewa mkubwa, wa pili ndiye anayeanza. Wazee wetu walilijua jambo hilo bila maabara, kwa kukaa na kuku tu.

Wanaosema kutazama kuku ni uvivu, nawaomba wamsome Mnorwei aliyeitwa Thorleif Schjelderup-Ebbe. Alianza kuwatazama kuku wa nyumbani akiwa mtoto, akawa anaandika nani anamdonoa nani. Mwaka 1921 alitoa kazi yake kuhusu ngazi ya kudonoana, kwamba kila kuku katika kundi anamjua aliye juu yake na aliye chini yake. Leo habari ya vyeo ndani ya makundi ya wanyama inafundishwa vyuoni dunia nzima, na imeanzia kwa mtoto aliyekaa uani na kuku. Kumjua kila mmoja katika kundi, na kukumbuka mlimalizana vipi mara ya mwisho, ni kumbukumbu. Sijui tuite jina gani lingine.

Kwangu wapo kumi na mmoja. Mwenye cheo ni kishingo mwekundu, shingo yake tupu kama kidole, na joto la Oktoba ambalo huwafanya wenzake wapanue midomo yeye hulivumilia bila shida. Uani kuna mwarobaini mmoja, mipapai miwili, na safu nne za mizabibu. Asubuhi moja ya mwezi wa tano, baada ya mavuno, nilikuwa nachambua karanga. Kishingo alikuwa na vifaranga wa wiki ya pili. Juu ya kamba ya nguo alikaa mlamba, yule ndege mweusi wa mkia uliogawanyika kama mkasi, akisubiri panzi wanaofurushwa na miguu ya kuku. Ghafla mlamba alipiga kelele kali. Kishingo hakukimbia. Alisimama kama kigingi, akainamisha kichwa upande mpaka jicho moja likaelekea mbinguni. Jogoo akatoa mlio mmoja, mwembamba, mrefu, usioonyesha umetoka upande gani. Nilipogeuka, vifaranga hawakuwepo: tisa walikuwa chini ya mizabibu, wametulia kimya, na mama yao amejibana kando yao. Mimi sikuwa nimeona kitu. Nilihesabu mpaka kama kumi ndipo mwewe akapita juu ya paa, chini sana, na mlamba nyuma yake akimdonoa mgongoni, kadude kadogo kanamfukuza mwenye kucha.

Siku nyingine alikuja nguchiro, akapenya kwenye uzio wa miba. Sikusikia ule mlio mwembamba. Nilisikia ko-ko-ko-ko ya haraka inayopanda, wote wamesimama wima, shingo ndefu, wanatazama usawa wa ardhi, na hakuna aliyejificha. Maana kujificha chini ya mzabibu kunakuokoa na mwewe, lakini kwa nguchiro unakuwa umejipeleka mwenyewe.

Mwenye kudharau atasema ni woga tu, kuku amepiga kelele kwa kuwa ameogopa. Mwaka 1993 Chris Evans na Peter Marler, pamoja na Linda Evans, walichapisha matokeo ya jaribio lililomaliza hoja hiyo. Waliwasikilizisha kuku sauti zilizorekodiwa, bila adui yeyote kuwepo. Kwa mlio wa adui wa angani kuku walikimbilia penye kifuniko na kutazama juu. Kwa mlio wa adui wa ardhini walisimama wima na kukagua kandokando. Kwa hiyo mlio wenyewe una habari ndani yake, na anayeusikia anaielewa. Mtu akikuita "Mwewe!" ukatazama juu, hatusemi umeogopa tu. Tunasema umesikia Kiswahili.

Sasa nizichukue hoja zao. Ya kwanza, kuku anakula mchanga na vijiwe kwa kuwa hajui kipi ni chakula. Huyu hajawahi kupasua firigisi akatazama kilichomo. Kuku hana meno; vijiwe ndivyo vinavyomsagia mtama. Mnyime changarawe uone mmeng'enyo wake utakavyokuwa.

Ya pili, kuku utamwekea mayai ya bata au ya kanga, atayaatamia, na wakitoka atawalea. Ni kweli, na hapa Zuzu tunaitumia sana njia hiyo kwa mayai ya kanga. Lakini nani hapo amekosa? Yeye amekaa siku zake 21 na zaidi juu ya mayai, anakula kidogo, anayageuza kwa mdomo, na siku za mwisho anajibizana kwa sauti ndogo na kifaranga ambaye bado yuko ndani ya ganda. Sisi ndio tuliomdanganya. Mtu aliyelea mtoto asiye wake, tena kwa moyo huo, kwa binadamu tungemsifu.

Ya tatu ndiyo wanayoipenda kuliko zote: kichwa kidogo, ubongo mdogo. Wanasayansi wenyewe waliwahi kuamini hivyo. Mjerumani Ludwig Edinger, miaka zaidi ya mia moja iliyopita, aliupasua ubongo wa ndege akaona karibu wote ni sehemu za silika tu, na majina aliyoupa yakafundishwa vizazi kwa vizazi. Mwaka 2005 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali liliyaondoa majina hayo, likakiri kwamba sehemu kubwa ya ubongo wa ndege inafanya kazi zinazofanana na zile za gamba la ubongo wetu. Mwaka 2009 Rosa Rugani na wenzake wa Italia walichukua vifaranga wa siku chache, wakawalea pamoja na vidude vitano mpaka wakavizoea kama ndugu. Watafiti wakavificha nyuma ya mapazia mawili, vitatu huku na viwili kule, kisha wakavihamisha kimoja kimoja kifaranga akitazama. Kifaranga alipoachiwa alielekea kwenye pazia lenye vingi, hata pale hesabu ilipobadilika mbele ya macho yake. Sisemi kuku ni kunguru. Kunguru na kasuku wanamzidi kuku mbali, na mimi sina haja ya kumpa sifa isiyo yake. Nasema tu kwamba kiumbe anayejumlisha na kutoa kabla hajamaliza wiki duniani asitumiwe kuwatusi watoto wa shule.

Kuna jambo moja linaniuma, na nalisema kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Miaka kadhaa iliyopita kuku wangu walianza kukataa kuingia bandani. Magharibi ikifika wanazunguka mlangoni, wanaingiza kichwa, wanatoka, mwishowe wanarukia kwenye mwarobaini. Niliona ni ukaidi. Jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia kwa huruma kabisa, "Mwalimu, kuku hana akili, mfundishe kwa nguvu." Nami nikafanya hivyo. Kila jioni nilikuwa nawashika mmoja mmoja, nawatupia ndani, nafunga kwa komeo. Baada ya wiki tatu vilemba vyao vilipauka. Tetea mmoja mweusi aliyekuwa anaatamia mayai kumi na mawili aliyaacha siku ya 17, mayai yakapoa, vifaranga wakafia ndani. Jirani akasema, "Si unaona? Hata mayai yake anayasahau. Mtie chunguni huyo."

Nilimtia. Ndiyo, nilimchinja.

Siku chache baadaye niliingia bandani usiku na tochi kutafuta koleo. Nilipoegemea fito wanayolalia, mkono ukaanza kuwasha. Nikamulika. Kwenye nyufa za fito, kwenye maungio, kwenye kiota alichoatamia yule mweusi, walijaa utitiri, maelfu, wengine wa kijivu na wengine wekundu kwa damu waliyokwisha kunywa. Mchana hujificha ndani ya nyufa, hivyo mimi niliyekuwa nafagia banda kila asubuhi sikuwahi kuwaona. Kuku walikuwa wananiambia kila jioni, kwa njia pekee waliyokuwa nayo, kwamba ndani hakulaliki. Yule tetea hakuyasahau mayai yake. Aliyakalia siku 17 akinyonywa damu usiku kucha, mpaka mwili ukamshinda. Kati yangu na yeye, asiyekuwa na akili wiki zile tatu nilikuwa mimi. Niling'oa fito zote nikazichoma, nikapaka chokaa kila ufa, nikamwaga majivu ya kutosha wapate pa kuogea vumbi. Jioni ya tatu waliingia wenyewe, bila kuguswa.

Tangu hapo, mtu akiniambia kuku wake ni mkaidi, nauliza kwanza banda likoje.

Nije kwa ndege wa uani. Hapa najua nagusa mifuko ya watu, maana zabibu ni fedha ya Dodoma, na mavuno yake ni mara mbili kwa mwaka. Kuzumburu wanazila. Kwenzi wanazila. Sikatai. Wala sitasimama mbele ya mkulima wa uwele au wa mpunga wa Bahi nikamtetea kweleakwelea; ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, nao huja kwa mamilioni, na shamba la mtu huisha akiwa analitazama. Huyo ni janga, na wenzetu wa Kondoa wana ujuzi wao wa siku nyingi wa kumtega kwa nyavu na kumfanya kitoweo, ujuzi ambao ningependa usaidiwe zaidi. Sumu inayopulizwa kwenye malalo yake haichagui. Inaua na bundi, na mwewe, na ndege wengine waliolala jirani.

Ninachokataa ni kumfanya kila ndege mdogo kuwa kweleakwelea. Nikitembea Zuzu jioni nawaona watoto na manati shingoni, na wazazi wao wanawatazama tu, kwa sababu "ni ndege tu, ni wezi." Juzi waliangusha chozi. Chozi! Ndege mwenye uzito usiofika hata wa barua, anayenyonya maua na kula buibui, hajawahi kugusa punje ya mtu. Wameangusha kwenzi wa rangi ya majivu, na wameangusha kasuku wadogo wa shingo ya njano ambao asili yao ni nchi hii hii, ndege ambao wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya waje wawatazame kwenye nyanda zetu za kati. Wameangusha mlamba. Aliyemwangusha mlamba amemwangusha mlinzi wa vifaranga wa nyumba nne, na baba wa mtoto huyo ndiye aliyekuja wiki ile ile kunilalamikia kwamba mwewe wamezidi.

Kwa zabibu zangu, nilifunika mashada kwa vyandarua vilivyochakaa, nikavivuta vikaze ndege asinase, na papai moja lililoiva vibaya naliacha mtini. Kuzumburu wanalimaliza hilo. Na kwenzi yule yule anayedonoa zabibu mwezi wa pili, nimemwona mwezi wa kwanza akipita mstari kwa mstari kwenye mahindi, akiwatoa viwavi ndani ya majani. Anayemhesabia zabibu amhesabie na viwavi.

Narudi kwenye dharau na hasara, maana hapo ndipo penye uchungu. Kila mwaka mdondo unapita Dodoma. Kuku wanaanza kusinzia, kinyesi kinakuwa cha kijani, shingo zinapinda, na kwa siku chache uwanja unabaki na manyoya. Na watu wanasemaje? "Ah, kuku ni wa kufa tu." Sentensi hiyo ndiyo ndugu wa "kuku hana akili." Usiyemthamini humtazami; usiyemtazama hujui ameanza kuumwa lini; na kuku wa kufa tu hakuna anayemtafutia chanjo. Mama wa nyumba ya tatu alipoteza kuku 23 kwa wiki moja. Ada ya mwanawe ilikuwa humo. Alipoulizwa kama aliwachanja, alishangaa, akasema, "Kuku nao wanachanjwa?"

Wanachanjwa. Chanjo ya I-2 iliandaliwa Australia kwa ajili ya vijiji kama vyetu, ambako hakuna friji kila nyumba, kwa kuwa inastahimili joto kuliko zile za zamani. Chanjo ya mdondo inayostahimili joto inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, Kibaha. Haihitaji sindano. Ni tone moja kwenye jicho la kila kuku mzima, kisha unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kuku anayeumwa tayari haitamponya, ndiyo maana inatakiwa kuwahi kabla ya msimu.

Kichupa kikishafunguliwa hakiwekwi akiba, na kina dozi nyingi kuliko kuku wangu kumi na mmoja. Jumamosi hii nitachanja alfajiri, kabla hawajashuka kwenye fito. Jirani mwenye kuku alete wa kwake. Asiye na tenga aniite, nitakwenda kwake mimi.